Paka Aliyeitika Cherehani

Jumamosi ya tarehe 9 Machi 2013, fundi mmoja wa nguo za kike alifunga duka lake mchana kweupe, ilhali gauni la bibi harusi lilikuwa bado mezani, halijatiwa pindo. Hilo limethibitishwa. Bibi harusi analikumbuka na hajalisamehe kabisa. Binti wa fundi analikumbuka. Na ipo picha iliyopigwa siku hiyo kizingitini, tarehe ikiwa nyuma yake kwa wino wa buluu. Picha inamwonyesha fundi ameketi kwenye kigoda mbele ya mlango uliofungwa, paka mweupe mnene mapajani mwake, na paka mwembamba wa milia ya kijivu begani. Paka wote wawili wanaitazama kamera. Fundi anatazama pembeni.

Mtaa mzima ulimwita Bi Pindo, jina alilopachikwa na mtu aliyekusudia kumuudhi. Alikuwa mjane, mwanamke mwenye mgongo ulionyooka na miwani iliyofungwa uzi, na kwa miaka mingi aliishi na kushona katika nyumba hiyohiyo: chumba cha mbele kilikuwa duka, vyumba viwili vya nyuma vilikuwa maskani, na kati yake palikuwa na ujia mwembamba ambamo pasi, sufuria na majora ya vitambaa viligombea nafasi. Paka walipita humo bila kugusa kitu. Mweupe aliitwa Pamba, na jina lilimtosha. Wa milia aliitwa Mkasi, kwa sababu alipotembea miguu yake ya nyuma ilipishana kama mtu anayekata kitambaa.

Sababu ya kufunga duka ilitoka kwa daktari. Majuma machache kabla, binti yake alikuwa amerudi nyumbani na mtoto wa kike wa miaka minne. Mume wake alikuwa amehamishwa kikazi mbali, yeye mwenyewe alikuwa amepata kazi ya zamu katika kiwanda cha mikate, na hapakuwa na wa kumwachia mtoto isipokuwa mama yake. Mtoto alikuwa na pumu. Alikuwa pia na mdomo: aliongea tangu alipofumbua macho hadi alipoyafumba, ndiyo maana akaitwa Chiriku, na hata kifua kilipombana hakunyamaza, bali aliendelea neno mojamoja, kama mtu anayepanda ngazi huku akisimulia. Daktari alimpima, akauliza nyumbani kuna nini. Kabla wakubwa hawajafungua kinywa, Chiriku alishajibu: yupo Bibi, ipo cherehani, yupo Pamba, na yupo Mkasi ambaye hulala juu ya mto wake, lakini mama asiambiwe. Mama alikuwa amemshika mkono. Daktari akaweka kalamu chini. Manyoya hayo na kifua hiki, alisema, haviwezi kukaa nyumba moja.

Bi Pindo hakubishana. Mjukuu ni mjukuu. Njiani alimnunulia Chiriku chungwa, akamsikiliza mpaka nyumbani, akaingia dukani, akafungua droo ya vifungo na kuvipanga upya vyote kwa rangi, kazi ambayo haikuwa na haja ya kufanywa. Alipomaliza alimwambia binti yake kwamba paka wataondoka, ila hawataondoka ovyo. Katika duka lake hakuna nguo iliyotoka bila kujaribishwa mara mbili: mara ya kwanza ikiwa imepigwa bandi tu, mishono mikubwa ya muda, ili kasoro zionekane mapema, na mara ya pili ikiwa karibu kukamilika. Nguo zikistahili hivyo, paka wangekosaje?

Ndivyo ulivyoanza utaratibu ambao mtaa uliucheka kwa muda mrefu. Aliyetaka paka aliketi kwenye kiti cha wateja, paka akaletwa, na Bi Pindo akasimama kando na pini mdomoni, jambo lililomzuia kusema lakini halikumzuia kutazama. Pini zilipotoka, hukumu ilitoka kwa lugha ya kazi. Kijana mmoja mchangamfu, mpenda paka kweli lakini msahaulifu, aliambiwa kwamba anapwaya. Mama mmoja mwenye manukato makali, ambayo yalimpigisha Mkasi chafya mfululizo, aliambiwa kwa heshima zote kwamba anabana shingoni. Mwashi mmoja mwenye viganja kama koleo alimshika Pamba kwa upole wa ajabu, akafaulu jaribio la kwanza, kisha akaja la pili na mbwa wake.

Aliyempata Pamba ni kinyozi wa pembeni mwa barabara. Alipoketi tu, Pamba alimpanda mapajani, akajizungusha mara moja, akalala. Jaribio la pili lilikuwa hivyohivyo, ila safari hii alikoroma. Kinyozi alikuja kumchukua Jumamosi ile ya picha. Bi Pindo alifunga duka kwa sababu hakutaka mteja yeyote amkute katika hali hiyo, akamkabidhi paka pamoja na kijiblanketi alichokishona kwa mabaki ya vitambaa vya nusu ya wanawake wa mtaa, akasubiri ageuke kumtazama. Pamba hakugeuka. Alikwenda begani mwa kinyozi, akitazama mbele kama mgeni rasmi.

"Hata kugeuka," Bi Pindo alimwambia binti yake. "Samaki wote wale niliomlisha."

Binti alijibu kwamba Pamba angegeuka, mama angelia, kwa hiyo huenda ilikuwa adabu. Bi Pindo alilia hata hivyo, kidogo, akiwa na futi ya kupimia shingoni. Kisha akafungua duka na kulitia gauni pindo.

Mkasi ndiye aliyekuwa mtihani wenyewe. Bi Pindo alimwokota akiwa kitoto, ndani ya kapu la vipande vya nguo, amebaki peke yake na sauti ndogo kama bawaba kavu. Hakutulia popote isipokuwa kwenye kanyagio la cherehani. Basi Bi Pindo akajifunza kushona huku kile kitoto kimelala kando ya mguu wake juu ya chuma, kikipanda na kushuka kama kilicholazwa kwenye bembea. Kilipokua na kutoenea tena kilihamia juu ya meza, kushoto kwa sindano, pale kitambaa kinapotokea. Kila asubuhi Bi Pindo alipokanyaga mara chache tu, Mkasi alitokea, kutoka darini, uani au popote alipokuwa amelala, akachukua nafasi yake. Hakuna gauni lililotoka pale bila unyoya mmoja au miwili ya kijivu. Wateja walizoea kuutoa kwa vidole viwili, kama saini.

Bi Pindo aliamini siku zote kwamba Mkasi alimjia yeye.

Mkasi alipewa muuguzi mstaafu aliyeishi nyuma ya vichochoro viwili, mwanamke mtaratibu, mwenye nyumba safi na dirisha linalopata jua la asubuhi. Alifaulu majaribio yote mawili bila alama hata moja ya chaki. Mkasi alichukuliwa jioni. Asubuhi iliyofuata Bi Pindo alipiga moyo konde, akafunua cherehani, akakanyaga. Hata mshono mmoja haujafika mwisho, Mkasi alikuwa mezani, kushoto kwa sindano, analamba kiganja.

Alirudishwa. Akaja tena. Muuguzi alifunga madirisha, Mkasi akapitia bafuni. Bi Pindo alimkaripia kwa maneno na kumkaribisha kwa macho, na paka husoma macho. Kisha siku moja, Bi Pindo akiwa mlangoni na mteja, Chiriku alimkuta rafiki yake mezani, akamkumbatia, akazika uso manyoyani na kumsimulia yote yaliyotokea tangu waachane. Jioni ile kifua kilimbana vibaya kuliko siku zote. Binti alimpa dawa ya kuvuta, akamkalisha wima, akamsugua mgongo. Na kwa mara ya kwanza katika maisha yake Chiriku alinyamaza. Kimya hicho kilimtisha Bi Pindo kuliko kikohozi.

Binti hakumlaumu. Alimtazama tu, akasema, "Mama, huyu paka akirudi tena, mimi nitahama na mwanangu. Sikutishi. Sina njia nyingine."

Kesho yake muuguzi alikuja bila paka, akaketi kwenye kiti cha wateja na kueleza alichokigundua. Jumapili, duka likiwa limefungwa, Mkasi hulala dirishani kutwa nzima. Siku za kazi pia hulala, mpaka cherehani ianze. Hapo masikio husimama, mwili hufuata, na mtu anabaki kutazama mkia.

"Bi Pindo, huyo paka si mkaidi," alisema. "Ni mwajiriwa. Anasikia kengele, anaenda kazini."

Bi Pindo alicheka kwa sababu lilichekesha. Muuguzi alipoondoka, kicheko kiliondoka naye. Alikuwa amewapima watu mikono, mapaja, nyumba na tabia. Masikio ya paka hakuyapima, kosa la fundi aliyezoea kelele ya cherehani yake hata haisikii tena. Na ndani ya kosa hilo palikuwa na jingine lililomchoma zaidi: kumbe miaka yote hiyo paka hakumjia yeye. Alikuwa akiifuata mashine.

Habari haikai mtaani bila miguu. Siku chache baadaye, cherehani ikiwa bado imefunikwa, alisimama mlangoni mwanamume mrefu, nywele zimeingia mvi, koti limekaa mwilini kama limemwagwa. Alikuwa Fundi Suti, mwenye duka upande wa pili wa soko, na ndiye aliyetunga jina la Bi Pindo. Mkasa wao ulianzia kwenye harusi moja ya zamani, ambapo Bi Pindo, akidhani mwenye kazi hayupo karibu, alisema koti la bwana harusi lilikuwa na bega moja linalomuuliza mwenzake njia. Mwenye kazi alikuwa nyuma yake. Akajibu kwamba afadhali bega linalouliza kuliko pindo linaloonekana kutoka ng'ambo ya barabara. Tangu hapo hawakuongea. Walitumiana salamu za kejeli kupitia wateja.

"Nasikia una mfanyakazi anayekataa kustaafu," Fundi Suti alisema.

"Nasikia una cherehani ya kukanyaga," Bi Pindo alijibu. "Bado inafanya kazi, au inauliza njia?"

Alikuwa amekuja kumtaka Mkasi. Ilikuwa hoja yenye akili, na Bi Pindo aliiona papo hapo, kwa shingo upande. Kutoka upande wa pili wa soko Mkasi asingeisikia cherehani ya hapa, na kule angekuwa nayo nyingine. Hata hivyo utaratibu ni utaratibu. Kiti cha wateja kilitolewa uani, mbali na Chiriku, Fundi Suti akaketishwa, magoti yakiwa karibu na kidevu, na Mkasi akaletwa kutoka kwa muuguzi. Akamnusa viatu. Akanusa pindo la suruali kwa muda mrefu.

"Anatafuta mishono," Bi Pindo alisema, akitoa pini mdomoni.

"Hataiona," alisema Fundi Suti.

Mkasi akaketi juu ya kiatu chake. Jaribio la pili alifanya hivyohivyo. Bi Pindo alitafuta kasoro, akakosa, na inasemekana hilo lilimuudhi kwa siku nzima.

Lakini alipofikishwa kwenye duka la suti, Mkasi aliingia nyuma ya majora ya vitambaa akakataa kutoka. Fundi Suti alimwekea samaki. Akamwekea maziwa. Akakaa kwenye cherehani yake akakanyaga asubuhi nzima, akashona hata kisichohitaji kushonwa, na nyuma ya majora hapakutikisika hata uzi. Paka hakula siku hiyo wala iliyofuata. Ndipo alipomtuma mteja, safari hii bila kejeli: Bi Pindo tafadhali aje.

Alikuja na mkoba wake wa kazi. Duka lilikuwa la mwanamume mpweke na mwangalifu: makoti yamening'inia kama foleni ya watu wenye subira, chaki zimepangwa kwa ukubwa, kikombe kimoja, kiti kimoja. Aliketi kwenye kiti hicho, akavua kiatu, akaweka mguu kwenye kanyagio na kuanza. Gurudumu lilizunguka, na kabla kitambaa hakijasogea upana wa kiganja, Mkasi alikuwa mezani, kushoto kwa sindano.

Fundi Suti alimtazama paka, akaitazama mashine, akainama kuutazama mguu.

"Mashine ni ileile," alisema polepole. "Kumbe ni mguu."

 Furaha ilimpanda Bi Pindo: kwa hiyo alikuwa yeye, siku zote alikuwa yeye. Aliendelea kukanyaga kwa muda, mkono mmoja juu ya mgongo wa Mkasi. Kisha furaha ileile ikageuka uzito, maana alielewa ilichomaanisha. Kama alimwitika yeye, basi kila mara atakapokanyaga popote karibu, Mkasi atakuja. Na kama hatakuwapo wa kukanyaga hivyo hapa, Mkasi atabaki nyuma ya majora akisubiri mguu usiokuja. Angeweza kuja yeye kila siku. Paka angempenda, na asingepata makazi kamwe.

Aliinua mguu kutoka kwenye kanyagio.

"Vua kiatu, Fundi," alisema. "Kaa hapa."

"Mimi nimeshona kabla hujajua kutunga uzi."

"Ndiyo, na unakanyaga kama mtu anayevuka barabara. Mara mbio, mara umesimama, mara unaangalia huku na huku. Paka gani atalala kwenye fujo hiyo?"

Ni kweli kwamba mshonaji wa suti hukanyaga hivyo. Kola na mifuko havitaki haraka. Bi Pindo alikuwa mtu wa mapindo marefu na sketi pana, mguu wake ukienda bila kukatika. Akamfundisha. Aende kama mtu anayetembea kwenye njia tambarare, hana anayemsubiri. Kisigino kisidunde. Akifika mwisho wa mshono asikate ghafla, aache gurudumu life lenyewe. Fundi Suti alilalamika kwamba amekuwa mwanafunzi uzeeni, kwa ajili ya mnyama asiyevaa hata kizibao. Mguu ukamkaza, akausugua, akaanza upya. Bi Pindo alikwenda siku nyingine, na nyingine tena. Na kila siku aliketi mbali kidogo zaidi na cherehani, hadi akawa anafundisha akiwa nje ya mlango, akisema "punguza" na "hapo, hapohapo" mbele ya wapita njia walioshangaa.

Siku moja akiwa huko nje alisikia mguu wake mwenyewe unashona ndani ya duka la mtu mwingine. Alichungulia. Mkasi alikuwa mezani, kushoto kwa sindano, macho yamefumba nusu, mkia umeangukia kwenye koti la mteja. Fundi Suti hakuthubutu kusimama. Alimpungia kwa kidole kimoja.

Bi Pindo alirudi nyumbani, akaufungua mkanda wa ngozi unaozungusha gurudumu la cherehani yake ya kukanyaga, akauviringisha na kumpelekea Fundi Suti. Alimwambia kwamba mkanda wa kwake Fundi Suti umechakaa, na ni kweli ulikuwa umechakaa. Halafu akatoa sandukuni cherehani ya umeme ambayo mkwewe alikuwa ameituma zamani, na ambayo yeye alikuwa akiiita Mbu kwa sauti yake na kukataa kuigusa. Mishono ya kwanza ilikwenda mrama. Binti alimkuta anaitukana kwa lugha safi, akaenda jikoni ili acheke bila kuonekana.

Chiriku alipona kikohozi, akarudisha maneno yote aliyokuwa amedaiwa na kuongeza mengine. Akawa anapelekwa kwa kinyozi kumpungia Pamba kupitia kioo, na kwa Fundi Suti kusimama kando ya barabara na kumsimulia Mkasi habari za nyumbani kwa sauti kubwa, wateja wakipimwa viuno huku wakijua nani kwao amekula nini. Makoti ya Fundi Suti yalianza kutoka na unyoya wa kijivu. Fundi Suti alianza kumletea Bi Pindo mapindo ya suruali, na Bi Pindo akawa anampelekea mabega ya magauni yaliyomshinda. Walikosoana waziwazi, uso kwa uso, jambo ambalo wateja wao waliliona kama maendeleo.

Kila alipokwenda, Bi Pindo alikaa kwenye kiti cha pili, ambacho sasa kilikuwapo. Mkasi humfumbulia jicho moja, humtazama, hulifumba tena, na hubaki pale alipo. Mara ya kwanza Bi Pindo alitoka nje, akafuta miwani kwa ncha ya futi, akaingia tena na kuomba chai. Baadaye hakuhitaji kutoka.

Fundi Suti anashona hivyo hadi leo, hata anapotia kola. Iwapo Mkasi amewahi kugundua kwamba mguu ule ni wa mtu mwingine, haijulikani.